Kibali cha Watu Wanne

Siku ya tatu, konseye Habumugisha, mkuu wa mtaa, alimwambia Silvère avue kofia kwanza, ndipo waongee. Siku mbili za mwanzo hakumwambia chochote. Alimwacha kwenye benchi la nje tangu saa mbili asubuhi mpaka ofisi ilipofungwa, akawa anapita mbele yake kama mtu anayepita mbele ya ndoo.

Silvère alivua kofia, akaishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amefanya kazi ya kupima damu na makohozi katika maabara ya zahanati moja mjini Kigali, na majirani walizoea kumwita daktari ingawa hakuwa daktari. Oktoba ya mwaka uliopita, vita vilipoanza kaskazini, alikamatwa pamoja na maelfu ya wengine, akaambiwa yeye ni mshirika wa waasi. Alikaa ndani miezi mitano. Machi 1991 wakamfungulia mlango bila kesi na bila maelezo. Kazini alikuta mtu mwingine amekaa kwenye kiti chake. Tangu hapo kila Jumatatu asubuhi alikuja kwenye ofisi hii kutia sahihi katika daftari, kuonyesha kwamba bado yupo.

"Bukavu," konseye alisema, akiitazama barua ya maombi. "Unakwenda kufanya nini Zaire?"

"Kubatiza mtoto, konseye. Mtoto wa mdogo wake mke wangu. Wamenichagua niwe baba wa ubatizo. Ni tarehe kumi na tano, sikukuu ya Bikira Maria."

"Zaire hakuna wanaume wa kusimamia ubatizo?"

"Wapo."

"Sasa?"

"Wamenichagua mimi."

Konseye aliiweka barua mezani. Kulikuwa na watu wengine wanne ndani ya chumba kile wakisubiri mihuri yao, na hakuna hata mmoja aliyejifanya hasikii.

"Unataka kwenda na mke. Unataka kwenda na watoto wote wawili. Nyumba inabaki na nani, paka? Mimi nimeshawaona ninyi. Mkiondoka na watoto wote hamrudi. Mnaacha sufuria jikoni ili tudhani mko sokoni."

"Nitarudi. Jumatatu nitakuwa hapa kutia sahihi kama kawaida."

"Hayo umesema wewe. Mimi nataka mtu mwingine aniambie. Awe na nyumba yake, asiwe mpangaji. Asiwe wa kabila lako. Atie sahihi kwamba usipoonekana Jumatatu, yeye anaingia mahali pako." Aliisukuma barua kuelekea kwa Silvère. "Sikusema atalipa faini. Nimesema anaingia mahali pako. Unapajua."

"Napajua," Silvère alisema.

"Basi nenda ukamtafute. Vaa kofia yako."

*

Alianza kwa mkuu wake wa zamani wa maabara, mtu aliyekula Krismasi nyumbani kwake mara mbili. Mke wa mkuu alimkuta mlangoni na kumwambia bwana amesafiri kwenda Gitarama. Viatu vya bwana vilikuwa hapo kizingitini, na redio ndani ilikuwa inatangaza mpira. Silvère aliaga kwa heshima, akasema atampitia siku nyingine. Kisha alikwenda kwa mwenyekiti wa kwaya ya parokia. Huyo alimkaribisha, akampa fanta, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Nitakuombea." Silvère alimaliza fanta yake kwa sababu kuiacha kungeonekana ni hasira.

Cécile, mkewe, aliuona uso wake alipoingia. Alichukua kanga yake akaenda mtaa wa Biryogo kuchukua gauni la ubatizo.

Gauni lilikuwa limeshonwa na Fundi Swedi. Katika kadi yake ya utambulisho aliitwa Nzeyimana, lakini Biryogo nzima, kuanzia msikitini hadi kwa wauza nyama, hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini, mwenye futi ya kupimia shingoni hata siku za sikukuu, na cherehani yake ilikaa barazani, mita chache kutoka uchochoro ambao watu walipita bega kwa bega. Alikuwa amewashonea wasichana wa Cécile sare za shule tangu wa kwanza alipoanza.

"Mama Kayitesi," alisema, "kanzu ya mtoto iko tayari, lakini uso wako hauko tayari."

"Ni uchovu tu, Fundi."

"Mdhamini amepatikana?"

Cécile alimtazama. "Nani amekwambia?"

"Hapa Biryogo? Nimesikia kabla konseye hajafunga mdomo." Alikata uzi kwa meno, akalikunja gauni lile jeupe mara mbili, akaliweka gotini. "Mimi iko na nyumba. Kadi yangu, pale kwenye kabila, iko na lile neno wanalolipenda. Kwa nini hamkuja kwangu?"

"Fundi, wewe una watoto sita."

"Ndiyo, iko sita. Jana pia walikuwa sita."

"Umesikia anachotaka? Kwamba tusipoonekana—"

"Nimesikia. Mwambie mzee tukutane pale kesho saa mbili. Na hii kanzu usiipige pasi ya moto sana, kitambaa chake ni chepesi."

Kesho yake konseye aliyasoma maneno ya dhamana kwa sauti mara mbili, mara ya pili polepole, kama anamsomea mtoto. "Umeelewa, Nzeyimana?"

"Mimi najua kusoma," Fundi Swedi alisema. Akatia sahihi herufi moja moja, akiegemea meza, huku ncha ya ulimi imetokeza kidogo kama alivyofanya siku zote alipopitisha uzi kwenye sindano.

Kibali kilitoka na mihuri mitatu. Kiliandikwa kwamba wanaosafiri ni watu wanne na wanaorudi ni watu wanne.

*

Waliondoka Jumatano alfajiri kwa basi la Cyangugu. Vumbi la Agosti lilikuwa limekaa juu ya migomba kando ya barabara. Umuhoza, binti mdogo wa miaka sita, alitapika kabla ya Butare, akalala. Kayitesi, wa miaka kumi na minne, alibeba gauni la ubatizo mapajani ndani ya bahasha ya karatasi na hakukubali mtu mwingine alishike.

Kwenye kizuizi cha tatu, kabla ya msitu, askari alipanda ndani na kukusanya kadi za watu wazima. Aliporudisha nyingine zote, alibaki na ya Silvère.

"Simama. Soma hapa, kwenye kabila."

Silvère alisoma.

"Watu wa nyuma hawajasikia."

Alisoma tena.

"Na dereva hajasikia."

Alisoma mara ya tatu, kwa sauti ya kutosha. Ndani ya basi hapakuwa na aliyecheka. Mama mmoja aliyekuwa na kuku kwenye kikapu aliinama akaanza kukifunga kikapu ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. Askari alimwamuru Kayitesi aifungue bahasha, akalitoa gauni, akalipimisha kifuani kwake kwa mzaha, likaishia kwenye vifungo viwili vya juu. Kisha akalirudisha. Vidole vyake viliacha alama mbili za vumbi kwenye ukosi.

Basi lilipoingia msituni, Kayitesi alisema, "Baba, alama itatoka kwa sabuni."

"Itatoka," Silvère alisema.

*

Uwimana, mdogo wake Cécile, alikuwa amemngoja mtoto kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa. Alipowaona wageni wake wanashuka kutoka upande wa daraja la Rusizi, pale mpakani, alikimbia na mtoto mikononi, akawakumbatia wote pamoja mpaka mtoto akaanza kulia. Siku ya sikukuu kanisa lilijaa. Alama za vumbi zilikuwa zimetoka. Padri alimuuliza Silvère kama anamkataa shetani na mambo yake yote, naye akajibu kwa sauti ambayo Cécile hakuwa ameisikia tangu Oktoba. Mtoto aliitwa Emanweli. Wali ulikuwa mwingi, samaki wa ziwani wakawa wengi, na mume wa Uwimana, Nkusi, dereva wa malori, mtu mnene mwenye kucheka haraka, alicheza mpaka shati likamganda mgongoni.

Ijumaa mchana Nkusi hakucheka. Aliwakalisha Silvère na Cécile uani, karibu na nguo zilizoanikwa.

"Shemeji, nimeongea na masista wa zahanati. Wanatafuta mtu wa hadubini. Nimewaambia ninaye. Kayitesi nafasi ya shule ipo. Chumba cha nyuma mnakiona. Msirudi."

"Nimeacha mtu pale," Silvère alisema.

"Tunajua. Uwimana ameniambia."

"Ana watoto sita."

Nkusi alikuna kidevu, akainuka, akawaacha wenyewe. Cécile alisubiri mpaka mlango ufungwe.

"Fundi ni Mwislamu," alisema. "Kadi yake ni nzuri. Watamhoji siku mbili, watamwachia."

"Mimi waliniambia ni maswali mawili tu. Nikaacha chai mezani."

"Wewe si yeye."

"Mle ndani hawakuulizi ulikuja kwa ajili ya nani, Cécile. Tulikuwa tunalala kwa zamu kwa sababu sakafu haikututosha. Kulikuwa na mzee mmoja alikuja badala ya mwanawe. Mwanawe alikuwa amekimbia. Mzee hakutoka."

Cécile alishika shuka lililoanikwa, akalinyoosha, ingawa lilikuwa limenyooka. "Basi tumwache Kayitesi. Yeye peke yake."

"Kibali kinasema wanne. Habumugisha atahesabu."

"Atahesabu! Wewe unamwogopa Habumugisha kuliko unavyonihurumia mimi?"

"Namwogopa, ndiyo," Silvère alisema. "Lakini siyo yeye ninayemfikiria."

Cécile aliingia ndani. Hakusema naye tena siku hiyo, wala Jumamosi. Jumapili asubuhi, daraja lilipofunguliwa, Uwimana aliwasindikiza mpaka mahali aliporuhusiwa kufika. Hakulia. Alimshika Kayitesi uso kwa mikono yote miwili, akamtazama muda mrefu, kisha akamgeuza mabega kuelekea Rwanda kama mtu anayemgeuza mtoto kuelekea shuleni.

*

Walifika Kigali jua likikaribia kuzama. Silvère hakutaka kupitia nyumbani kwanza. Wakaenda wote wanne, na mizigo yao, mpaka barazani kwa Fundi Swedi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti bila kushona. Kando ya mlango kulikuwa na kifuko cha kitambaa kilichofungwa kamba, na Silvère, aliyejua mizigo ya namna hiyo, aliona umbo la sabuni na kandambili ndani yake. Juu yake palikuwa na shuka lililokunjwa na tasbihi.

"Mmerudi," Fundi Swedi alisema.

"Tumerudi, Fundi."

"Wote?"

"Wote."

Silvère alitegemea labda mtu huyu atamshika mkono. Fundi Swedi aliinuka, akakipiga kifuko teke, kikaviringika mpaka kwenye miguu ya cherehani.

"Nani amewaambia mrudi?"

"Fundi, dhamana—"

"Dhamana! Mimi sijui kuhesabu? Mtu na mke na watoto wake wote wanavuka daraja, mimi nafikiria watarudi? Siku niliposhika ile kalamu nilijua. Nilimwambia Mama Zubeda jioni ile ile: hawa hawarudi, na wakirudi ni wajinga. Kwa nini nilitia sahihi? Kwa ajili ya keki ya ubatizo?"

"Nimekaa mle ndani miezi mitano," Silvère alisema. "Nisingeweza kukupeleka mle."

"Na mimi ningekaa! Miezi mitano, miezi kumi. Mimi wangechoka nami, wangenitoa. Wewe safari nyingine watakutoa?"

Watu wawili waliokuwa wakipita uchochoroni walipunguza mwendo, kisha wakaukaza.

"Nilimwambia," Cécile alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza mbele ya mumewe tangu Ijumaa, na mara tu yalipomtoka aliona aibu, kwa sababu alipomwambia mumewe siku ile alikuwa anamtoa mtu huyu kama kitu cha kubadilishana, na mtu huyu alikuwa ameshajitoa mwenyewe.

Mama Zubeda alitoka ndani akiwa na birika la chai. Alikuwa mwanamke mkubwa, mpole, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mimi nasema ukweli," alisema. "Tangu Jumatano naomba mrudi. Yeye alitaka ninyi mwende. Mimi nilimtaka mume wangu. Mnisamehe."

Cécile alimpokea birika, akaliweka chini, wakakumbatiana hapo mlangoni. Fundi Swedi alikaa tena kwenye kiti chake na kuwapa watu mgongo. Umuhoza, aliyekuwa na njaa, akauliza kama kuna mandazi.

Jumatatu saa mbili walikwenda ofisini wote. Konseye Habumugisha alitoka mpaka barazani, akawanyooshea kidole mmoja mmoja, akahesabu kwa sauti. "Mmoja, wawili, watatu, wanne." Alionekana kama mtu aliyeshindwa mchezo wa bao. "Basi wewe ni mtu wa kweli," alimwambia Silvère. "Tia sahihi."

*

Kwa siku kumi Fundi Swedi hakuwasalimu. Siku ya kumi na moja alikuja mwenyewe nyumbani kwao, mchana, na futi yake shingoni, kana kwamba amekuja kupima mtu nguo. Alikataa chai. Alitoa kadi yake ya utambulisho mfukoni, akaifungua mezani upande ulioandikwa majina ya watoto.

"Mimi huwa nakwenda Bukavu kununua vitenge," alisema. "Mara mbili, mara tatu kwa mwaka. Konseye anajua. Hajawahi kunihesabu, mimi wala watoto wangu." Aliweka kidole juu ya mstari mmoja. "Huyu ni Zubeda. Kumi na tatu. Kayitesi wenu amemzidi mwaka mmoja, lakini nani atampima? Zubeda atakaa ndani siku tatu kwa shangazi yake. Atafurahi, hapendi kuchota maji."

Silvère aliitazama kadi. "Na wakiuliza kizuizini?"

"Wakiuliza baba yake ni nani, si atanionyesha mimi? Kuna kingine cha kuuliza?" Alimgeukia Kayitesi, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Unajua kusema Bismillahi?"

"Najua," Kayitesi alisema. "Zubeda alinifundisha zamani."

"Tena bila kunilipa," Fundi Swedi alisema, na hapo ndipo Cécile alipojua kwamba amewasamehe.

Silvère aliufuata mstari ule kwa kidole. Yeye mwenyewe hakuweza kwenda. Daftari la Jumatatu lilikuwa linamngoja, na dhamana ya pili hakuna konseye angeikubali. Cécile alisema hatamwacha. Hilo hawakulibishania. Alichouliza Silvère kilikuwa kimoja tu: "Kwa nini unafanya hivi, Fundi?"

"Sijui," Fundi Swedi alisema baada ya kufikiri. "Nimemshonea tangu akiwa hivi." Alionyesha kimo kwa mkono, chini ya meza.

Wiki ya kwanza ya Septemba, Kayitesi aliondoka akiwa amevaa gauni refu la Zubeda na ushungi wa bluu. Wazazi wake hawakwenda kituo cha basi, maana macho yalikuwa mengi. Waliagana jikoni, haraka, na Cécile alimkaza binti yake pini ya ushungi mara tatu mpaka Silvère akamshika mkono.

Siku ya nne Fundi Swedi alirudi na mabunda mawili ya vitenge. Alikwenda kwake kuoga, akaswali, akala, kwa sababu majirani walikuwa wanatazama, na kulipokaribia magharibi akaja kwa Silvère na kitambaa kimoja mkononi, kama mtu anayekuja kuuza.

"Amefika," alisema. "Nimemkabidhi mkononi mwa mama yake mdogo. Jumatatu anaanza shule."

Cécile alikaa chini. "Alilia?"

"Hakulia. Alilalamika njia nzima kwamba ushungi unamwasha."

Cécile alicheka, kicheko kikageuka, akajifuta uso kwa kiganja, akacheka tena. Silvère alimshika Fundi Swedi mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia mara moja. Umuhoza aliingia kutoka uani, magoti yamejaa vumbi, akasimama kuwatazama watu wazima.

Fundi Swedi alimtazama naye, kuanzia miguuni mpaka kichwani, kwa jicho la mtu anayepima kitambaa kitakachohitajika.

"Kwenye kadi yangu iko mmoja wa miaka sita pia," alisema. "Anaitwa Mwajuma. Desemba nitaishiwa vitenge tena." Akainuka kuondoka. "Mwanzeni kumwita hivyo sasa, azoee kuitika."